Tumbako Yenye Haiumi Ulimi

Kalenga, mutani yangu, muvivu ya kwanza ya Makomeno,

Tangu ulikufa, hakuna tumbako ya muntu mwingine ilishaingia mu kiko yangu. Hata chembe. Uliza nani unataka. Balinipatia sigara, nilikatala. Ku soko balinionyesha tumbako ya kukatwa muzuri, iko mu sashe yenye picha ya simba, niligeuza shingo sawa bibi-arusi mwenye hataki bwana. Nilibaambia: mimi niko mujane ya tumbako ya Kalenga, muniachie kilio yangu.

Bon. Ile yote ni bongo, nilidanganya. Uko unacheka, ninakuona na ile meno yako ya mbele yenye iliachana sawa bandugu baligombana. Kweli iko hivi: maua ya kaburi yako ilikuwa bado haijanyauka, mimi nilishavuta sigara ya ule bwana anatengeneza pneus ya magari pa barabara. Kisha nikavuta tumbako ya mama mwenye anauza samaki, ile mama anavuta na moto ndani ya kinywa. Kisha, siku moja mvua ilinifungia mu nyumba bila kintu, nikavuta majani ya chai. Majani ya chai, Kalenga. Ilipasuka, ikaniunguza ndevu upande moja, na misa ya dimanche, siku ya Mungu, nilienda na uso ya bantu babili. Donc kisasi yako ulishapata. Usinidai mara mbili.

Lakini haiko juu ya ile ninakuandikia. Ile ni kosa mudogo, hata Mon Père ya paruasi aliisikia mu maungamo akacheka mpaka bantu ya nje baligeuka. Kosa yenye inanikwama mu koo ni ingine. Yeye sikumuambia, juu havute, hawezi kuelewa. Wewe utaelewa, na njo ile inaniogopesha.

Nilionja tumbako yenye inapita yako.

Ngoja, usisimame. Inapita yako mbali, sawa treni ya haraka inapita gare mudogo, kituo ya kijiji, bila kupunguza. Na niliipenda. Kila mangaribi nikisha kula ninaijaza mu kiko, ninavuta mpaka chini, na nikimaliza ninasikia sawa muntu mwenye anatoka kwa bibi ya rafiki yake na viatu mu mukono.

Sasa ikala. Kama huko balikupatia kiti. Ninaandika pole pole, juu unajua masomo yangu iliishia fasi gani: mwaka ya ine, siku niliweka chura mu tiroir ya meza ya mwalimu. Ukiona herufi imelala, haiko macho yako, ni mukono yangu. Na pia ninaenda pole pole juu sitaki kufika haraka fasi yenye inauma.

Huku bintu ingine iko vile vile. Courant ya umeme inakuja na kutoka sawa bwana mwenye iko na nyumba mbili. Jirani yako alipandisha ukuta ya matofali mpaka juu, na hatumuone tena akichapana na bibi yake, tunasikia tu. Tunabakia kukisia nani anashinda. Jogoo yako tulikula mu kilio. Ilikuwa nguvu sawa wewe mwenyewe, balipika toka asubuhi na bado ilitupigana mu kinywa. Kiti yako ya veranda, hakuna muntu anaikala. Bageni banasema ni heshima. Muguu moja ilivunjika, njo sababu. Lakini nilikatala baipeleke kwa fundi, donc andika ile ku heshima yangu, kama kuko mwenye anaandika.

Mama Feli, bibi yako, alikonda, kisha alirudia. Alitoa nguo nyeusi. Nitafika kwake.

Kwanza chungu.

Tumbako yako unaijua kunipita, lakini acha niiseme, juu kuisema ni sawa kuwa na wewe pa veranda. Majani nyeusi ulichuma mu shamba yako ya Kasungami, ulikuwa unaitundika juu ya moshi ya jiko mpaka Mama Feli anapiga kelele kama mboga yote inakohoa. Majani ya manjano ilitoka Mokambo, pa mupaka, banamuke baliileta imefungwa mu vitenge pamoja na sabuni, na ulikuwa unainusa kwanza, unaapa kama harufu yake ni ya sabuni ya Fa, haiko ya tumbako ya ng'ambo. Kisha asali ya pori. Kisha munkoyo kidogo, ile kinywaji ya mizizi, yenye ililala mpaka inaanza kuuma pua. Ulichanganya na mikono yako yote mbili mu chungu ya marehemu mama yako, unaimba kanisa na kutukana majani pamoja. Kifuniko ya mbao. Na juu ya kifuniko, kile kipande ya reli.

Ile reli, Kalenga! Siku balitupatia pensheni na mikono ya kupungia, ulitoka nayo chini ya koti, unatembea sawa mwanamuke iko karibu kuzaa. Mulinzi pa mulango alikuuliza uko na nini. Ulijibu: "Niko na ngiri, bwana, usiniguse." Na pa nyumba uliiweka juu ya chungu ukasema: "Reli ilitukamua sisi maisha yote. Sasa ikamue tumbako."

Uliifunga jeudi, siku tatu mbele ya dimanche. Kila mara jeudi. Na dimanche kisha misa, mimi njo huyu, nguo ya kanisa bado haijatoka jasho, niko pa mulango yako, ninapiga na fimbo:

"Kalenga, fungua!"

Na wewe, kutoka ndani: "Bado. Acha ilale."

"Ilale juu ya nini, iko mugonjwa? Fungua tuonje. Kesho tunaweza kufa."

Ile neno yangu. Kesho tunaweza kufa. Niliisema miaka yote sawa muntu anasema bonjour.

Na wewe ulifungua. Kila mara ulifungua. Uliinua reli, unalia magoti, unanipatia kipande yenye bado ilikuwa na mayi, yenye manjano ilikuwa bado manjano na nyeusi bado nyeusi, sawa bibi na bwana baligombana balale kila moja upande yake. Tunasugua mu vidole. Tunanusa. Tunajaza, tunawasha, inazima, tunawasha tena. Na mimi, ukubwa ya baonjaji, ninafunga macho ninatoa hukumu. Unakumbuka? "Hii inanuka soksi ya chef de gare." "Hii ni muzuri, nyoka yote ya Kasungami itahama." "Hii umechanganya na godoro ya nani?" Na ile siku nilisema inanikumbusha mama-mukwe yangu: inaanza na asali, inamaliza na kuuma. Ulicheka mpaka kiko ilianguka ikatoboa suruali.

Juu iliuma. Kila mara iliuma ulimi. Tulivuta na machozi, kisha tulikunywa mayi ya baridi, ulimi nje sawa mbwa ya saa sita, na ulisema: "Tumbako ya banaume inauma." Na mimi niliitika. Njo mambo tuliamini, bazee bazima babili: kama haiumi, ni ya batoto.

Ile jeudi ya mwisho ulifunga chungu sawa desturi. Samedi, siku mbili kisha, moyo yako ilisimama, uko umeikala, viatu mu miguu, bila kuomba ruhusa. Mimi hakuna mwenye aliniambia. Nilikuwa Kasungami kwa mukwe yangu, telefone yangu ilizima, haikuwa na moto. Dimanche nilitoka misa, nikakuja pa nyumba yako na fimbo. Niliona bâche, ile hema ya kilio, niliona banamuke pa chini, macho yangu ilishaona yote, lakini kinywa ilikuwa mbele ya macho. Ilishaanza. Ilisema: "Kalenga, fu..."

Ilibakia vile. Nusu. Niko nayo mpaka leo.

Unajua sheria ya kwenu. Yaya yako Stani, ule mukubwa mwenye hacheke, alikusanya bintu yako yote, kofia, kinga ya pedali, taa, kiko, akaifungia mu depo ya nyuma. "Bintu ya marehemu haiguswe mpaka kilio itoke." Chungu ilikuwa mule, na reli juu yake. Aliweka funguo mu mufuko akarudia kwake Likasi. Mvua ilimalizika. Baridi ilikuja, kisha vumbi, kisha joto ya kuiva masuku, ile matunda ya pori, kisha mvua tena. Na mu muda ile yote, Kalenga, hakuna muntu alipiga mulango dimanche na fimbo.

Sasa siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga. Ilikuwa muzuri, sitakudanganya. Bukari, samaki, lutuku, ile pombe kali, ya kutosha kuangusha chorale nzima. Mama Feli aliogeshwa, balimuvalisha kitenge mupya. Yaya Stani alifungua depo juu ya kugawanya bintu, na harufu ilitoka mbele yake. Ilitoka ikatembea mu parsele sawa mugeni mukubwa. Bantu baliinua pua. Ilikuwa sawa masuku yenye ilianguka yenyewe ikalala mu majani, sawa mukate, sawa benchi ya kanisa wakati hakuna muntu. Yaya Stani alisema: "Kuko kintu ilikufa humu."

Njo pale Mama Feli aliniita. Alisema mbele ya bote: "Ngoy, wewe njo ulikuwa unaonja. Onja hii, utuambie kama iko muzima ao ilioza. Kama ilioza, nitatupa, na shamba ya Kasungami nitamupatia Yaya Stani alime mahindi yake. Kama iko muzima, mimi mwenyewe nitaendelea na majani."

Unasikia? Shamba yako yote ilikuwa pa ncha ya ulimi yangu. Na ulimi yangu unaijua.

Ilibidi kisu. Majani ilikuwa haiko tena majani, ilishikana ikakuwa sawa mukate nyeusi, manjano na nyeusi balishapatana, haukuona tena nani ni nani. Nilikata kipande, nikaifinya mu mukono, nikaiachia: ilifunguka pole pole, sawa muntu anaamuka bila kuitwa. Nilijaza kiko. Niliwasha, na ulimi yangu ilikimbia nyuma ya meno, sawa mutoto anangoja kofi. Nilingoja kofi.

Haikukuja.

Nilivuta tena. Asali ilikuwa pale, lakini haikuwa mbele inapiga kelele, ilikuwa nyuma, inafanya kazi. Munkoyo ilishapoteza uchachu, ilibakia hewa yake tu. Nilitosha moshi mu pua: haikuuma. Nilifika katikati ya kiko, fasi yako ilikuwa inaanza kuwa chungu: haikuwa chungu. Nilifika chini kabisa, fasi yenye tumbako haiwezi kusema bongo: majivu nyeupe, kavu, tamu. Nilifungua macho, na kintu ya kwanza niliona ni kile kipande ya reli, imelala pale mu vumbi, na nilielewa.

Mukono ilikuwa yako. Majani yako, asali yako, munkoyo yako, chungu ya mama yako. Kintu moja tu ilikosa mu ile chungu: mimi. Mimi pa mulango na fimbo. Miaka yote ile tulivuta mutoto ya tumbako, tulimutosha mu tumbo mbele ya mwezi yake, na tuliita kilio yake nguvu. Na wewe ulikufa bila kuonja tumbako yako mwenyewe. Ulijua kuifanya, haukujua ladha yake. Juu yangu. Juu nilikuwa na haraka, juu kesho tunaweza kufa.

Voilà. Njo kosa. Lakini iko na mukia, na mukia ni mubaya kupita kichwa.

Bote balikuwa banangoja. Na unajua desturi: kwenu na kwetu ni batani tangu bankambo. Ninyi bala-panya, sisi bezi ya kuku. Siku kilio inatoka, mutani anasimama, anatukana marehemu muzuri kabisa, mujane anacheka, na bantu banarudia kwabo bakiwa bepesi. Na siku ile mutani anasema kinyume, hata mutoto anajua. Akisema marehemu alikuwa mukarimu, ujue alikuwa anahesabu chumvi. Nilisimama. Nilitaka kusema kweli, ninaapa. Lakini kinywa yangu wewe njo uliilea, na unajua uliilea mubaya. Nilisikia inasema:

"Kalenga, mupumbafu! Maisha yako yote ulitupikia sumu, na siku umetugeuzia mugongo njo tumbako inaiva! Hii ni tumbako ya bamalaika! Kama tungejua, tungekuzika zamani!"

Balianguka. Kweli balianguka, mama ya chorale alimwanga bière ku mapaja ya Yaya Stani. Yaya Stani, Kalenga, alicheka! Mama Feli alicheka mpaka akapangusa macho na kitenge mupya. Na mimi, badala ya kusema "ngojeni, ni kweli", nilitosha kofia, nikainama upande huu na upande huu. Nilipenda makofi. Neno yote nilisema ilikuwa ya kweli, na hakuna hata muntu moja aliisikia. Balisikia: ilioza.

Ningerudia mangaribi ile ile kusahihisha. Nyumba yangu na yako, mbuzi mulevi anafika. Sikurudia. Nilikuwa na kipande mukubwa mu mufuko, niliikata wakati banacheka. Nilivuta, nikasema: kesho. Kesho nikavuta, nikasema: kesho. Juu kumuambia Mama Feli kweli ni kuikala mbele yake na kusema: bwana yako alikufa bila kuonja kazi ya mikono yake, na mwizi ni mimi. Ile moja. Na acha nikuambie na ingine, juu huku hakuna mwenye atasoma hii: nilifikiri, kama banaamini ilioza, bataitupa. Na kama bataitupa, nani ataiokota?

Ee. Tukana. Uko na haki.

Kisha, asubuhi moja, mama ya samaki alipita akaniambia Mama Feli aliweka chungu ku kinga akaenda nayo Kasungami. Nikamuuliza ku nini. Akasema: badudu banamumalizia lengalenga na choux, anaenda kulowanisha ile tumbako iliooza mu mayi, amwangie mboga.

Nilivaa suruali mu njia. Nilipanda moto, ile pikipiki ya kulipa, nikamuambia mwenye moto kama kuko muntu anazama, na haikuwa bongo. Nilifika shambani, Mama Feli ameinama, ndoo mbele yake, mayi ilishakuwa rangi ya chai, na nusu ya chungu ilikuwa ndani. Nusu, Kalenga. Nilipiga kelele toka mbali:

"Mama Feli, acha! Iko muzima! Iko muzuri kupita yote nilishaonja!"

Alicheka bila hata kuinua kichwa. "Ngoy, kilio ilishatoka. Pumzika na butani."

Nikaapa na mama yangu. Akasema: "Mama yako ulimuapa na ile siku uliniambia bwana yangu iko na bibi Mokambo." Nikaapa na Bikira. Akacheka zaidi. Nikaapa na ile reli. Akajishika mbavu, akachukua konzi ingine akaitia mu ndoo. Kila neno nilitupa ili kuizuia iliisukuma ndani. Njo nilijua kinywa yangu inafaa nini. Mutani maisha yote, na siku moja tu niko na kintu ya kweli ya kusema, na siko na kinywa ya kuisema.

Basi niliikala. Pale pa udongo, na suruali ya misa. Nilichukua kipande pa ukingo ya chungu, nikajaza kiko, nikawasha. Na sikusema kintu.

Alitia konzi ingine. Aliniangalia. Sikusema. Nilivuta juu, nilivuta katikati. Kunguru balipita, hata bao sikubatukana. Alisimama na mukono mu hewa, mayi inatona. Unanijua, hata wakati ya mageuzo mu misa ninaongea. Bibi yako hajawahi kuniona nimenyamaza urefu ya kiko nzima. Nilipofika chini nililia, na sikusema ni moshi.

Aliacha ndoo. Aliikala mbele yangu. Akauliza pole: "Ngoy, ni kweli?"

Nikaitika na kichwa. Kisha nikamuambia yote. Dimanche. Fimbo. Fungua. Nikamuambia: nilimunyima bwana yako tumbako yake.

Aliangalia chungu. Nilifikiri atanipiga na jembe, na ningeinama ili afike muzuri. Kisha alisema kintu yenye, toka siku ile, hainiachi kulala:

"Alijua. Mimi nilimuambia kila mara, acha ilale, mama yako alikuwa anailaza mpaka mvua irudie. Alinijibu: Ngoy anakuja na njaa ya kucheka, nitamufungia mulango juu ya majani?"

Ulijua.

Muzee mubaya wewe. Ulijua! "Tumbako ya banaume inauma", na machozi mu macho, na ulijua. Ulikunywa ile moto pamoja na mimi dimanche yote, ulimi nje, ili nikuje, niketi, niseme soksi ya chef de gare. Na hata siku moja haukuniambia. Mbele nilikuwa mwizi mwenye hajui. Sasa niko mwizi mwenye balimufungulia mulango na kumupatia kiti. Nani kati yabo anaweza kulala? Nilitaka nikukasirikie. Ninaanza muzuri, kisha ninakusikia unalia magoti unainua reli, na inaniishia.

Sikiliza sasa mambo tulifanya. Nusu tuliokoa. Ile ingine ilienda ku choux, na badudu yote balikufa. Najua utapenda kusikia balikufa na furaha. Shamba haikuenda kwa mahindi ya Yaya Stani. Mama Feli alipanda majani, mimi ninaenda kulima magugu, ananifukuza juu ninatosha na majani pia. Ya manjano ilifika kutoka Mokambo, na yeye mwenyewe alichanganya, mikono yote mbili, bila kuimba na bila kutukana. Nilimuambia haitaiva bila matusi. Basi ananipatia kazi ile: ninasimama kando, ninatukana majani kwa jina yako.

Reli iko juu ya chungu. Depo iko na kufuli. Funguo anaivaa mu shingo pamoja na rozari, juu ananijua.

Na mimi ninakuahidi hii, na ikala uisikie juu sitairudia: sitasema fungua. Kila dimanche kisha misa nitakuja, bila fimbo. Muguu ya kiti yako nilitengeneza mwenyewe, inalegea kidogo, nitaikala pale. Mama Feli atanipatia mayi. Nitaangalia mulango ya depo. Kinywa itaniwasha, nitaifunga. Mpaka mvua irudie, sawa vile mama yako alifanya. Na siku ile kiko ya kwanza itakuwa yako, ile ya mbao yenye uliuma mpaka ikapata meno. Nitaijaza, nitaiwasha, nitaiweka pa ukingo ya kaburi ijivute yenyewe. Usiseme inauma.

Basi lala muzuri, Kalenga. Lala sawa ile chungu, bila muntu kukusumbua dimanche.

Ila kintu moja ninakuomba, na haiko sadaka, ni haki yangu. Mimi nilikutukana siku ya kilio yako, mbele ya bote, na uliondoka hauna kintu unalalamikia. Kwa desturi wewe njo ungenitukana siku ya yangu. Ulitoroka. Huku hakuna mwingine iko na ruhusa. Batoto yangu batasema "Papa alikuwa muntu muzuri", Mon Père ataitika, bantu batalala, na nitashuka chini na ile bongo juu yangu, nzito kupita reli.

Donc, siku nitafika, nitakuja pa mulango yako sawa kila mara, na kipande ya tumbako mu soksi. Nitasema ile neno, yote sasa, na ile nusu yenye ilibakia.

Wewe usifungue mara moja. Nitukane kwanza. Muzuri, mbele ya bote. Anza na dimanche.

Ngoy, mwizi ya kuku